Zebaki, Nywele na Mtoto Mwenye Usonji



Dominika moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitusubiri nje ya kanisa akiwa ameshika bahasha ya kaki. Mgongoni alibeba mtoto mchanga, na mkononi alimshika kijana wake wa miaka sita ambaye hasemi. Muda wote tulipokuwa tukizungumza, kijana yule alikuwa akizungusha kifuniko cha soda mbele ya macho yake, wala hakutuangalia hata mara moja. Ana usonji, hilo wazazi wake walishaambiwa na daktari wa hospitali.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya rangi. Nywele za kijana zilikatwa na mtu mmoja anayeuza dawa za lishe mjini, zikatumwa nje ya nchi, na majibu yakarudi yakiwa na mistari mingi: risasi, shaba, aluminiamu, na mwishoni zebaki, ambayo mstari wake ulifika kwenye eneo jekundu. Muuzaji alimweleza kwamba zebaki hiyo ilitoka katika sindano za chanjo, kwamba ndiyo iliyomfunga mtoto ulimi, na kwamba yeye anayo dawa ya kuitoa mwilini. Ili kuipata dawa hiyo, familia ingelazimika kuuza kipande cha shamba lao la mpunga.

“Sista,” alituuliza, “tuuze shamba? Na huyu wa mgongoni, niendelee kumpeleka kliniki au niache? Mimi sikusoma sana, lakini karatasi imeandikwa.”

Tulimwomba atupe muda. Tangu siku ile tumeulizwa swali hilohilo na wazazi wengine wawili, mmoja akiwa mwalimu, na ndiyo maana tumeona tulijibu hapa kwa wote. Jibu ni refu kidogo. Tunawaomba mtuvumilie, maana karatasi kama ile haiwezi kusomwa bila kujua jinsi utafiti unavyofanywa.

Kwanza, hali yenyewe

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti tangu utotoni. Mtoto huchelewa kusema au hasemi kabisa, hapendi kutazamana macho kwa macho, hurudiarudia jambo moja kwa saa nyingi, husumbuliwa na kelele au mguso ambao sisi wengine hatuujali. Wapo wenye usonji wanaosoma hadi chuo kikuu, na wapo wanaohitaji kusaidiwa kula na kuvaa maisha yao yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na hali hii. Kwa hiyo katika parokia yenye waamini elfu kadhaa, hawakosekani.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliieleza hali hii mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Tangu hapo watu wametafuta wa kumlaumu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walisema kosa ni la mama: eti hakumpenda mtoto vya kutosha, alikuwa baridi. Kwetu lawama imechukua sura nyingine, tunaijua: laana ya ukoo, jicho baya, mke aliyetoka nje ya ndoa. Mama wa Marekani na mama wa kwetu wamelia machozi yaleyale kwa uongo wa aina mbili.

Uongo ule wa kwanza ulivunjwa na utafiti. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa London, Susan Folstein na Michael Rutter, walichunguza mapacha. Kati ya jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, katika jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana hakukuwa na hata moja. Malezi ya mama yalikuwa ni yaleyale. Kilichotofautiana ni damu waliyorithi. Tafiti kubwa zilizofuata zimethibitisha kwamba sehemu kubwa ya usonji ni ya kurithi, ingawa kuna mambo mengine yanayochangia, kama mtoto kuzaliwa kabla ya wakati sana, au mama kupata rubela akiwa mjamzito.

Lakini kurithi si jibu linalomridhisha mzazi. Hakuna mtu wa kumshtaki na hakuna dawa ya kununua. Zebaki, kwa upande wake, inatoa vyote viwili.

Zebaki ni sumu kweli

Tusije tukaeleweka vibaya. Zebaki ni yale maji ya rangi ya fedha yaliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani, na ambayo wachimbaji wetu wadogo wa dhahabu huyaita mekyuri. Ni sumu ya ubongo, na historia yake inatisha.

Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Zebaki ya aina inayoitwa methili ikaingia katika samaki, na samaki wakaliwa na wavuvi na wake zao. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watoto walizaliwa wakiwa wamepooza na kukakamaa viungo, hata pale ambapo mama mwenyewe alionekana mzima. Nchini Iraki, majira ya baridi ya 1971 hadi 1972, watu walioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa yenye zebaki hiyohiyo ya methili; watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 wakafa humo.

Kisa cha tatu hakijulikani sana, na kinahusu mada yetu zaidi. Zamani huko Ulaya, Marekani na Australia mama waliwapa watoto wanaoota meno unga wa kutuliza ufizi, na ndani ya unga huo mlikuwa na zebaki. Baadhi ya watoto wakaanza kuwa wekundu mikononi na miguuni, wakawa wakali, wakaogopa mwanga, wakakataa chakula na watu. Madaktari walihangaika miaka mingi na ugonjwa huu wasijue chanzo. Mwaka 1948 Josef Warkany wa Cincinnati na mwenzake walichapisha habari kwamba wameikuta zebaki katika mkojo wa watoto hao. Unga ukaondolewa madukani katika miaka ya 1950, na ugonjwa ukatoweka karibu kabisa.

Tunawaomba wasomaji wakishike kisa hiki cha unga wa meno, tutakirudia.

Dhana ilivyozaliwa

Baadhi ya chanjo zinazowekwa katika chupa za dozi nyingi huwa na kihifadhi kinachoitwa thimerosali, kilichoanza kutumika katika miaka ya 1930. Kazi yake ni kuua vijidudu vinavyoweza kuingia chupani kila sindano inapochomwa humo. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, lakini ni zebaki ya aina ya ethili, si methili ya Minamata. Mtu anaweza kudhani herufi hizo hazina maana. Aulize wanaokunywa gongo: pombe ya ethanoli humlewesha mtu, ya methanoli humpofusha na kumuua, na majina yake yanatofautiana kidogo vilevile. Watafiti waliowapima watoto wachanga 216 huko Buenos Aires, Argentina, na kuchapisha matokeo mwaka 2008, waliona kwamba zebaki ya chanjo hupungua kwa nusu katika damu kwa siku 4 hivi, na baada ya siku 30 damu imerudi ilivyokuwa. Ile ya methili, ya kwenye samaki, huchukua mwezi na zaidi kupungua kwa nusu.

Mwezi Julai 1999 wakuu wa afya wa Marekani, pamoja na chama cha madaktari wa watoto, waliomba thimerosali iondolewe katika chanjo za watoto. Walisema ni kwa tahadhari tu, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi wa madhara. Kwa maoni yetu jambo hilo lilielezwa vibaya. Mzazi akisikia kitu kimeondolewa, husema kimeondolewa kwa sababu kinaua. Mwaka 2001 wazazi kadhaa wa Marekani waliandika makala wakilinganisha dalili za usonji na zile za kulishwa zebaki, wakadai ni ugonjwa mmoja. Wakaanza watu kuwapima watoto. Na hapa ndipo tunapofika kwenye bahasha ya mama yetu.

Nywele zilizosema kinyume

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa nywele za kwanza. Wazazi wengi wa Marekani hutunza nywele za mtoto zilizonyolewa mara ya kwanza, kama sisi tunavyotunza picha ya ubatizo. Watafiti walikusanya nywele za watoto 94 wenye usonji na 45 wasio nao. Katika nywele za watoto wenye usonji walikuta zebaki kwa wastani wa sehemu 0.47 kwa milioni. Kwa wale wengine, sehemu 3.63. (Sehemu moja kwa milioni ni kama punje moja ya mahindi katika magunia matatu hivi.)

Angalieni vizuri. Wenye usonji walikuwa na zebaki kidogo kuliko wenzao. Mtu wa kawaida angesema: basi, dhana imekufa. Watafiti wakasema la, hii ndiyo inayoithibitisha. Watoto hawa wameshindwa kuitoa zebaki kupitia nywele, kwa hiyo imebaki ubongoni.

Inawezekana? Kwa maneno matupu, inawezekana. Lakini hakuna aliyepima ubongo wa watoto wale. Na dhana ya namna hii haiwezi kushindwa kamwe: nywele zikiwa na zebaki nyingi, mtoto ana sumu, zikiwa na kidogo, mtoto ana sumu iliyojificha. Ni kama mganga anayesema kuku akifa ni uchawi, na asipokufa ni uchawi mkali zaidi.

Kuna jambo jingine. Serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kupima nywele za watoto wa nchi nzima mwaka 1999, na katika watoto 838 wa mwaka 1 hadi 5 wastani ulikuwa sehemu 0.22 kwa milioni. Watoto wazima wa utafiti ule wa 2003 walikuwa na mara 16 ya hiyo. Kwa hiyo walioonekana kuwa na kasoro si watoto wenye usonji. Ni lile kundi la kulinganishwa. Kundi la kulinganisha likiwa baya, kipimo chote ni kibaya, sawasawa na mizani yenye jiwe bovu.

Kosa la hesabu la Hong Kong

Mwaka 2004 madaktari wa Hong Kong walichapisha utafiti wao. Walipima damu na nywele za watoto 82 wenye usonji na 55 wasio nao. Katika damu, wenye usonji walikuwa na wastani wa mikrogramu 3.9 kwa lita, wenzao 3.5. Wakasema tofauti hii ni ya bahati tu.

Hapa tueleze kidogo. Tuseme umewapima uzito watoto kumi wa kigango hiki na kumi wa kigango cha jirani. Haitatokea wastani ulingane sawasawa, hata kama watoto wote wanakula sawa. Upande mmoja utazidi kidogo kwa bahati. Watafiti hutumia hesabu kuuliza: kama hakuna tofauti yoyote ya kweli, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kiasi hiki? Ikiwa ni chini ya mara 1 katika 20, kwa desturi husema tofauti hii si ya kupuuzwa. Mstari huo wa 1 kwa 20 uliwekwa na wanadamu ili kurahisisha kazi.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani waliikokotoa upya hesabu ya Hong Kong na kukuta imekosewa. Ilipofanywa sawasawa, tofauti ilisogea hadi karibu na mstari wenyewe, na wao wakahitimisha kwamba zebaki na usonji vinahusiana. Jarida likachapisha masahihisho. Walifanya vema kulifichua kosa, na hatuoni sababu ya kulificha hapa. Sayansi inayokubali kusahihishwa inaaminika kuliko muuzaji asiyekosea.

Lakini tuulize swali la mama jikoni: tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani? Ni chini ya nusu mikrogramu kwa lita. Ukichanganya watoto wote 137 na kutazama damu zao, usingeweza kujua nani ana usonji na nani hana. Watu wa Hong Kong hula samaki sana, na sahani chache za samaki kwa mwezi zinatosha kuleta tofauti kubwa kuliko hiyo. Tena damu ile ilichukuliwa watoto wakiwa wameshakuwa na usonji miaka kadhaa. Hata kama zebaki ingekuwa juu kweli, bado hatujui kilichotangulia. Watoto wenye usonji hula kwa kuchagua mno, na wengi hutia mdomoni udongo, rangi na vitu vya ajabu. Hali yenyewe inaweza kuleta tofauti katika damu badala ya damu kuleta hali.

Samaki wa California na samaki wa Shelisheli

Hilo la samaki lilichunguzwa vizuri huko California. Utafiti ulioongozwa na Irva Hertz-Picciotto, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusu watoto 452 wa miaka 2 hadi 5. Mwanzoni ilionekana wenye usonji wana zebaki kidogo zaidi katika damu. Kisha watafiti wakauliza kila mama mtoto wake anakula samaki kiasi gani. Wenye usonji walikuwa wakila samaki wachache, maana wengi hukataa harufu yake. Hesabu ilipozingatia samaki, tofauti ilitoweka. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba damu huonyesha zebaki ya siku za karibuni tu, haisemi mtoto alikutana na nini akiwa tumboni.

Swali hilo la tumboni lilijibiwa jirani zetu, visiwa vya Shelisheli, katika bahari hiihii ya Hindi inayopiga Mombasa na Dar es Salaam. Wanawake wa huko hula samaki karibu kila siku, na nywele zao huonyesha zebaki nyingi kuliko za Wamarekani. Watafiti walipima zebaki katika nywele za mama zilizoota wakati wa ujauzito, kisha wakawafuatilia watoto kwa miaka mingi. Mwaka 2013 walitoa matokeo ya vijana 1,784: waliozaliwa na mama wenye zebaki nyingi hawakuwa na tabia za usonji kuliko waliozaliwa na mama wenye zebaki kidogo. Utafiti huu tunaupa uzito kuliko ule wa nywele 94, kwa sababu kipimo kilitangulia na hali ikafuata, na watu walikuwa wengi.

Hatusemi tafiti zote zinakubaliana. Mwaka 2017 wachambuzi waliokusanya tafiti zaidi ya arobaini waliona zebaki ikiwa juu kidogo katika damu ya wenye usonji, na chini kidogo katika nywele zao. Tafiti nyingi kati ya hizo zilikuwa ndogo, kila moja na maabara yake, na chache sana ziliuliza habari za samaki. Ukichanganya mchele wenye mawe kutoka maduka arobaini, mawe hayapungui.

Na unga wa meno? Zebaki ilipoondolewa ule ugonjwa ulitoweka. Thimerosali iliondolewa katika chanjo za kawaida za watoto wa Marekani kufikia 2001, isipokuwa baadhi ya zile za mafua. Denmark iliiondoa mwaka 1992. Katika nchi zote mbili idadi ya watoto wanaotambuliwa kuwa na usonji iliendelea kupanda. Denmark walifanya zaidi ya hapo: mwaka 2003 walichapisha hesabu ya watoto 467,450, wakiwalinganisha waliochanjwa kwa thimerosali na waliochanjwa bila hiyo. Usonji ulikuwa sawa pande zote.

Karatasi ya rangi

Tumrudie mama. Kuhusu maabara zinazopima nywele kwa biashara, mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichukua nywele za mtu mmoja mzima wa afya, wakazigawa na kuzipeleka maabara sita. Kwa madini 12, majibu ya maabara moja na nyingine yalipishana zaidi ya mara kumi. Nywele za kichwa kimoja! Tena eneo jekundu la karatasi huchorwa na maabara yenyewe.

Wapo pia wanaopima mkojo baada ya kumpa mtoto dawa ya kukamata madini. Dawa hiyo huisukuma zebaki itoke kwa mtu yeyote, maana sote tunayo kidogo, halafu majibu hulinganishwa na ya watu ambao hawakunywa dawa. Ni sawa na kuvuruga tope la kisima na kisha kulalamika kwamba maji si safi kama ya jirani. Chama cha madaktari wa sumu cha Marekani kilitamka mwaka 2010 kwamba kipimo cha namna hii hakina msingi wa kisayansi.

Dawa zenyewe zina kazi ya kweli kwa mtu aliyelishwa sumu, zikitolewa hospitalini. Kwa usonji ni hatari bila faida. Mwezi Agosti 2005 mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alikufa huko Pennsylvania akiwa anapewa dawa hiyo kwa mshipa. Ilikausha kalsiamu ya damu na moyo ukasimama. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha Cornell waliona kwamba panya wasio na sumu, wakipewa dawa ya aina hii, huharibika uwezo wao wa kujifunza na hawarudi kama zamani. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikaachana na mpango wake wa kuijaribu dawa hiyo kwa watoto wenye usonji.

Tulipomtembelea mama nyumbani, tulikuta jambo ambalo karatasi haikulisema. Shemeji yake ni mchimbaji. Jioni huleta mchanga wake uliokwisha kuchanganywa na zebaki, na huuchoma kwenye kikaango nyuma ya jiko, watoto wakiota moto huohuo. Moshi ule ni zebaki. Dozi moja ya chanjo yenye thimerosali huwa na zebaki isiyozidi mikrogramu 25 hivi; gramu moja ya zebaki inayochomwa kikaangoni ni mikrogramu milioni moja. Inawezekana kabisa kwamba nywele za kijana zilikuwa na zebaki kweli, kutoka hewani. Haikumletea usonji, ambao dalili zake zilianza shemeji akiwa bado anaishi Geita. Lakini inaweza kumdhuru figo na ubongo yeye, mdogo wake, na bibi aliyelala chumba cha nyuma.

Kwa hiyo tulimjibu hivi. Shamba lisiuzwe. Kikaango kihamishwe mbali na nyumba, na kama wachimbaji wanaweza, wanunue kwa pamoja chombo kilichofunikwa kinachonasa moshi. Mama mwenye nyumba aache sabuni na mafuta ya kujichubua, kwa maana katika baadhi ya hayo mna zebaki pia. Anayetaka kujua kama amevuta moshi huo apimwe mkojo hospitalini, bila kunyweshwa dawa ya kuvuruga. Na mtoto wa mgongoni aende kliniki. Chanjo ya surua na rubela haina thimerosali kabisa, kwani ingeua virusi hai vilivyomo. Tena rubela kwa mama mjamzito ni mojawapo ya sababu chache za usonji tunazoweza kuzizuia, na Tanzania imekuwa ikitoa chanjo hiyo tangu 2014.

Mtoto mchanga amekwisha kupata sindano yake ya tatu, tuliiona kadi. Shemeji bado anabishana kuhusu kikaango, anasema mchanga utaibwa akiuacha mbali. Baba wa jumuiya yao ameahidi kwenda kuzungumza naye.

Kuhusu kijana mwenyewe, mama alituuliza swali ambalo karatasi zote hizi hazikuligusa: sasa nimfanyie nini ili siku moja aniambie ana kiu? Lipo la kufanya, na halinunuliwi. Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza jinsi ya kutumia picha zilizochorwa kwenye maboksi ya karatasi kumfundisha mtoto kuomba maji, chakula na choo. Wenye watoto wa namna hii watuandikie mapema kupitia paroko wao, watueleze mtoto anapenda kushika nini. Wa mama huyu anapenda vifuniko vya soda, na tutaanzia hapo.